Barabara ya Kale ya Francorchamps na Mbio Zisizofanyika

Jumamosi ya Mei 25, 2019, katika mitaa ya Monaco, kijana wa Kifaransa aitwaye Anthoine Hubert alishinda mbio fupi za Formula 2 kwa tofauti ya sekunde 0.059. Mswisi Louis Delétraz alikuwa amemganda nyuma kama kupe, na walipoufikia mstari wa mwisho magari yao yalikuwa karibu sambamba. Mwezi uliofuata, Le Castellet, Hubert akashinda tena mbio fupi, safari hii nyumbani kwao Ufaransa. Alikuwa na miaka 22, mzaliwa wa Lyon, bingwa wa Formula 4 ya Ufaransa mwaka 2013 na bingwa wa GP3 mwaka 2018. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, bila kelele, na kwa gari la timu ya Arden ambayo haikuwa miongoni mwa zilizopigiwa upatu msimu ule.

Mbio fupi zilizonipeleka Ubelgiji si hizo mbili. Ni zile zilizopangwa kufanyika asubuhi ya Jumapili, Septemba 1, 2019, kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, ambazo hazikufanyika. Jioni ya siku iliyotangulia, katika mzunguko wa pili wa mbio kuu, Hubert alipata ajali juu ya kilima kiitwacho Raidillon, akafariki. Nilitaka kujua kilima kile kimefikaje pale. Jibu lake halipatikani kwenye kona yenyewe. Linapatikana kwenye barabara ya zamani, ile ambayo magari ya mbio hayapiti tena lakini malori ya maziwa na mabasi ya shule yanapita kila siku.

Kwanza niseme mbio fupi ni nini, maana wengi wetu tunafungua televisheni pale Formula 1, langalanga wenyewe, wanapopanga mstari, wakati vijana wameshamaliza kazi yao. Formula 2 ni ngazi ya mwisho kabla ya kule juu. Gari lina kiti kimoja, magurudumu yako nje ya bodi, na magari yote yanafanana: bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome ya lita 3.4 yenye turbo na nguvu za farasi 620, matairi ya Pirelli. Fedha haziwezi kumnunulia mtu injini kubwa kuliko ya jirani. Jina lenyewe ni la tangu mwaka 1948, na zamani zile halikuwa la vijana pekee. Mabingwa wa dunia walishuka kukimbia humo wikendi ambazo hawakuwa na mbio kubwa. Jim Clark, bingwa wa dunia mara mbili, alifia kwenye mbio za Formula 2 huko Hockenheim, Aprili 7, 1968. Baadaye ngazi hiyo ikaitwa Formula 3000, kisha kuanzia mwaka 2005 ikaitwa GP2, na mwaka 2017 jina la zamani likarudi. Nico Rosberg alikuwa bingwa wa kwanza wa GP2, Lewis Hamilton akamfuata mwaka 2006. Charles Leclerc alitwaa taji la mwaka 2017, George Russell la mwaka 2018. Kwa hiyo anayekimbia hapo anajua mlango uko wapi na funguo ni chache.

Kwa utaratibu wa mwaka 2019, kila wikendi ilikuwa na mbio mbili. Mbio kuu zilikuwa ndefu, na kila dereva alilazimika kuingia karakana kubadilisha matairi. Mbio fupi zilikuwa za kilomita 120 hivi, bila kusimama popote, na wanane wa kwanza wa mbio kuu walipangwa kinyume: aliyemaliza wa nane anaanza mbele, mshindi anaanza wa nane. Wapo wanaozidharau mbio hizi kwa sababu hiyo, wakisema ushindi wake ni wa kupewa. Siafiki hata kidogo. Kuanza mbele huku saba wenye kasi kuliko wewe wakikupumulia kisogoni, na kuwazuia hadi mwisho kama alivyofanya Hubert Monaco, si zawadi. Na anayeanzia nyuma hana pa kujificha: ama apite, ama abaki hapo hapo mbele ya macho ya wakubwa wa Formula 1 wanaotafuta dereva wa mwakani.

Pale pale Spa, mwaka 2017, Leclerc alishinda mbio kuu kwa tofauti kubwa, kisha akafutiwa ushindi kwa sababu ubao wa chini ya gari ulikuwa umelika kupita kiwango. Kesho yake akaanza mbio fupi kutoka mkiani. Mbrazili Sergio Sette Câmara ndiye aliyeshinda, lakini kilichozungumzwa ni Leclerc, aliyewapita wenzake mmoja mmoja kwenye mwinuko wa Kemmel hadi akamaliza wa tano. Mtu akiniuliza mbio fupi zina faida gani, namwonyesha zile.

Kutoka Brussels nilipanda treni hadi Verviers, kisha basi linalopanda milima ya Ardennes kupitia misitu ya misonobari. Francorchamps ni kijiji tu: kanisa, hoteli chache, nyumba za mawe. Ukitoka kijijini unateremka, na kona ya kwanza, La Source, inakupokea. Hapa ndipo hadithi inaanza, na inaanza na mbio nyingine ambazo hazikufanyika.

Mwaka 1920, Jules de Thier, mwenye gazeti la La Meuse la mjini Liège, pamoja na dereva Henri Langlois Van Ophem, walichora mzunguko kwa kuunganisha barabara tatu za kawaida: ya kutoka Francorchamps kwenda Malmedy, ya kutoka Malmedy kwenda Stavelot, na ya kutoka Stavelot kurudi Francorchamps. Pembetatu ya karibu kilomita 15. Mbio za kwanza za magari zilitangazwa kwa mwezi Agosti 1921, akajiandikisha mshindani mmoja tu. Zikafutwa, pikipiki zikakimbia badala yake. Magari yalianza mwaka uliofuata, mbio za saa 24 zikaja mwaka 1924, na mwaka 1925 Antonio Ascari akashinda Grand Prix ya kwanza ya Ubelgiji kwa Alfa Romeo. Mwezi uliofuata Ascari alikufa akikimbia Montlhéry, Ufaransa.

Kwa nini mwaka 1920, na kwa nini pembetatu ile? Kwa sababu miaka miwili tu nyuma isingewezekana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Francorchamps na Stavelot zilikuwa Ubelgiji, lakini Malmedy ilikuwa Ujerumani. Mpaka ulikuwa ni kijito chembamba kiitwacho Eau Rouge, chenye maji mekundu kwa sababu ya chuma kilichomo ardhini, chuma kile kile kilichoufanya mji wa Spa kuwa maarufu kwa chemchemi zake. Mkataba wa Versailles ulihamisha wilaya za Eupen na Malmedy kutoka kwa Mjerumani kwenda kwa Mbelgiji.

Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Kigoma ataitambua hesabu hiyo mara moja. Ni mezani pa watu wale wale, katika kuligawa lililokuwa la Mjerumani, ambapo Ruanda-Urundi ilikwenda kwa Mbelgiji na sehemu kubwa iliyobaki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika ya Mwingereza. Askari wa Jeshi la Umma kutoka Kongo walikuwa wamefika hadi Tabora mwaka 1916, na baada ya vita Mbelgiji akapewa eneo lake bandarini Kigoma na jingine Dar es Salaam. Sikutarajia kuyakumbuka hayo kando ya uwanja wa magari. Lakini nilipoinama kutazama yale maji yakipita kwenye mfereji wa zege chini ya lami, niliona wazi kwamba barabara hii na mipaka ya kwetu zimetoka kwenye kalamu moja.

Pale kijitoni ndipo palipokuwa na nyumba ya ushuru. Mzunguko wa awali haukupanda kilima moja kwa moja. Ukivuka daraja, barabara ilikata kushoto, ikapita bondeni hadi kwenye nyumba hiyo ya forodha, ikageuka kwa kona kali ya kulia na kurudi kupanda taratibu. Kona hiyo iliitwa Ancienne Douane, Forodha ya Zamani. Mwaka 1939 waandaaji walitaka mwendo wa kasi zaidi, wakaikata. Wakatengeneza njia fupi inayopanda kilima wima kutoka darajani hadi juu, nayo ndiyo Raidillon. Watu wengi huita mahali pote Eau Rouge. Wenyeji watakusahihisha kwa upole kwamba Eau Rouge ni kule chini kwenye daraja, na kinachokupandisha mbinguni ni Raidillon.

Nilisimama chini ya kilima hicho na kukitazama. Televisheni haitendi haki. Lami inateremka kutoka La Source, inabonyea darajani, halafu inasimama mbele yako kama paa la nyumba. Unapinda kushoto, kulia, kisha kushoto tena juu kabisa, na ile ya mwisho huioni mpaka umeshaiingia. Dereva ameketi karibu na ardhi, miguu yake mbele, macho yake yakiwa chini ya usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama. Anachokiona wakati wa kupanda ni lami na mawingu. Kilichopo nyuma ya kilele anakijua kwa bendera, kwa taa na kwa sauti ya redio, au hakijui. Mtego huo haukuwepo kwenye njia ya forodha. Uliletwa na hamu ya kasi, mwaka 1939.

Mwaka ule ule, Juni 25, Grand Prix ilifanyika kwenye mvua. Mwingereza Richard Seaman, dereva wa Mercedes, alikuwa anaongoza aliposerereka karibu na La Source, akagonga mti na gari likashika moto. Alifariki usiku huo. Alikuwa na miaka 26.

Juu ya Raidillon, mwinuko wa Kemmel unakwenda moja kwa moja hadi Les Combes. Uwanja wa leo hukata kulia hapo na kushuka bondeni. Barabara ya kale iliendelea kwenda Malmedy, nami nikaifuata. Kuanzia hapo hakuna tikiti wala uzio. Ni barabara ya umma inayoteremka kupitia Burnenville, kitongoji cha nyumba za mawe zilizokaa barabarani kabisa, na kona yake ndefu ya kulia bado iko pale pale. Nilipotembea pembeni, gari dogo la posta lilinipita kwa kasi ya kawaida na bado upepo wake uliniyumbisha. Madereva wa miaka ya 1960 waliishuka kona hii kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kati ya nguzo za simu, vizingiti vya milango na seng'enge za malisho.

Malmedy nimeipita haraka. Historia yake nzito ya Desemba 1944, pale askari wa SS walipowaua mateka wa Kimarekani kwenye njia panda ya Baugnez, ina kumbukumbu yake na inastahili makala yake. Nitaje hili tu kwa sababu linahusu barabara yenyewe: wakati vifaru vya Wajerumani vilipolikaribia ghala kubwa la petroli kwenye njia ya kutoka Stavelot kwenda Francorchamps, askari wa Kibelgiji waliokuwa wakililinda walimwaga petroli barabarani na kuitia moto ili kuziba njia. Moja ya pande tatu za mzunguko iliwaka. Miaka mitatu baadaye mbio zikarudi.

Kutoka Malmedy barabara inanyooka kuelekea Stavelot. Katikati yake kuna Masta. Ukipita kwa basi hutaiona kama kona. Ni mpindo mdogo wa kushoto na kulia kati ya nyumba za wakulima. Kwa wale waliokimbia hapa ilikuwa ndiyo kona ya kutisha kuliko zote, kwa sababu walifika wakiwa kwenye kasi ya juu kabisa ya gari, na mtu wa kweli, kama walivyopimana wenyewe kwa wenyewe, hakutakiwa kupunguza mafuta. Nilisimama kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba moja. Kutoka ukingo wa lami hadi ukuta ni hatua za kuhesabu. Hakuna tairi, hakuna mchanga, hakuna chochote kilichowekwa hapo kwa ajili ya binadamu anayekosea.

Juni 12, 1966, mvua iliwakuta madereva wa Formula 1 kwenye mzunguko wa kwanza. Kule La Source walianza pakavu. Huku bondeni ilikuwa inanyesha kweli kweli, jambo la kawaida kwa mzunguko mrefu namna hii. Magari yaliruka nje ya barabara moja baada ya jingine. Jackie Stewart, Mskoti, aliishia karibu na Masta, gari limekunjika na usukani umembana, petroli ikimvujia mwilini. Alikaa humo karibu dakika 25. Waliomtoa si waokoaji. Ni madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, waliokuwa nao wametoka barabarani jirani, na spana ya kufungulia usukani waliiazima kutoka kwenye gari la mtazamaji. Gari la wagonjwa lililompeleka Liège likapotea njia. Tangu siku hiyo Stewart alikimbia akiwa na spana imebandikwa kwenye usukani wake, akaanza kudai mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida: vizuizi, madaktari, mikanda, wazima moto waliofundishwa kazi. Wapo waliomwita mwoga. Alikuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa barabara hii kudai. Mwaka 1960, katika wikendi moja tu ya Grand Prix, Stirling Moss alivunjika miguu yote miwili mazoezini, Mike Taylor akaumia vibaya, na katika mbio zenyewe Waingereza vijana Chris Bristow na Alan Stacey wakafariki kwa kupishana dakika chache. Bristow alikuwa na miaka 22. Jim Clark aliyeyaona hayo alishinda hapa mara nne mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1965, na hakuacha kuuchukia uwanja huu.

Kwenye pishi za abasia ya Stavelot kuna makumbusho ya mzunguko. Magari ya zamani yamepangwa chini ya matao ya mawe, na mojawapo, gari jembamba la kiti kimoja la daraja la chini, lilinisimamisha kuliko yote. Ukiliangalia kwa karibu unaona kwamba dereva alikuwa ameketi kati ya matangi ya petroli, mabega yake yakiwa juu ya bodi, na kinga yake ya mbele ikiwa kioo kifupi cha plastiki. Bodi ni bati jembamba. Ukilipiga kwa ukucha linalia.

Formula 1 iliondoka kwenye pembetatu hii baada ya mwaka 1970. Mbio nyingine ziliendelea miaka michache zaidi, na kwenye saa 24 za mwaka 1973 wakafa watu watatu. Mwishowe, mwaka 1979, ukafunguliwa mzunguko mpya wa kilomita 7 unaoanzia La Source na kukatia Les Combes. Burnenville, Malmedy, Masta na Stavelot zikarudishiwa wakulima. Raidillon ikabakizwa. Ilikuwa nzuri mno kuachwa, na kila aliyewahi kuitazama anaelewa. Lakini Mjerumani Stefan Bellof alifia hapo hapo chini yake Septemba 1, 1985, na bado ikabaki.

Kwetu, basi linapopinduka, msemo unaokuja mdomoni ni kwamba ajali haina kinga. Tunausema kwa huruma, kuwapoza waliofiwa, na nimeusema mimi pia misibani. Ila barabara hii inaukataa. Ukiizunguka kwa miguu unaona kinga kila mahali, na unaona tarehe ya kila kinga: ukuta umesogezwa baada ya huyu, kona imekatwa baada ya yule, kijiji kimeondolewa mzunguko baada ya wengine. Kinga ipo. Kinachouma ni mpangilio wake, kwamba mara nyingi ilisubiri jina.

Jumamosi ya Agosti 31, 2019, saa kumi na moja na dakika chache jioni, Giuliano Alesi alipoteza mwelekeo juu ya Raidillon na kugonga kizuizi. Vipande vikatawanyika. Ralph Boschung aliyekuwa nyuma akapunguza mwendo. Hubert, akiibuka kutoka kwenye kile kilele, akakwepa kulia, akagusana na gari la mbele yake na kutoka nje ya lami. Uwanja wa pembeni pale ulikuwa wa lami, si mchanga, hivyo hakuna kilichomshika. Akagonga ukuta wa matairi kwa kasi ya kilomita 216 kwa saa, na ukuta ukamrudisha kuelekea njia ya magari, ubavu wa gari ukiwa wazi. Mmarekani Juan Manuel Correa, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika mbele kwa vile vipande na halikamatiki tena, alimgonga ubavuni kwa kilomita 218. Yote hayo yalichukua sekunde zisizofika 15. Hubert alitangazwa kufariki saa kumi na mbili na dakika 35 jioni.

Uchunguzi wa shirikisho la dunia la michezo ya magari, uliotolewa mwanzoni mwa mwaka 2020, haukumtwika mzigo dereva yeyote. Ulisema ni mlolongo. Nakubaliana nao kuhusu madereva. Lakini mlolongo huo ulikuwa na pete mbili ambazo si za binadamu: kilele kinachoficha, na ukuta ulio karibu kiasi cha kurudisha gari barabarani. Zote mbili zilikuwepo asubuhi ile kabla injini hazijawashwa.

Jumapili mbio fupi zikafutwa. Ilikuwa sahihi, na sidhani kama kuna aliyefikiri vinginevyo. Kabla ya Formula 1 kuanza walisimama kimya, kofia ya Hubert ikiwa mikononi mwa familia yake mbele ya madereva wote. Katika mzunguko wa 19, maana namba yake ilikuwa 19, watazamaji walisimama na kupiga makofi huku magari yakipita. Charles Leclerc, aliyekua naye tangu enzi za karting pamoja na Pierre Gasly na Esteban Ocon, alishinda siku hiyo mbio zake za kwanza za Formula 1. Hakushangilia. Alisema ushindi ni wa Anthoine.

Mwaka uliofuata vijana walirudi, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Mrusi Robert Shwartzman alishinda mbio fupi, karibu mwaka kamili tangu zile zilizofutwa. Namba 19 haikuwa kwenye gari lolote. Iliondolewa Formula 2 kwa heshima yake. Kisha majira ya baridi ya kuingia mwaka 2022 tingatinga zikapanda Raidillon. Ukuta wa kushoto ukasogezwa nyuma, eneo la pembeni likapanuliwa, mchanga wa kokoto ukarudishwa kwenye kona kadhaa ili gari likitoka lizame badala ya kuteleza. Nilitembea kando ya kokoto hizo. Ni za mviringo, na mguu unazama hadi kifundoni.

Ningependa kuishia hapo, kwamba safari hii kinga imepatikana yote. Julai 1, 2023, kwenye mbio za daraja la Formula Regional, vijana wa chini zaidi ya Formula 2, Mholanzi Dilano van 't Hoff aliserereka kwenye mvua katika mwinuko wa Kemmel, mbele kidogo ya Raidillon, na mwenzake asiyeweza kuona chochote kwa ukungu wa maji uliorushwa na matairi akamgonga. Alifariki akiwa na miaka 18. Lance Stroll, dereva wa Formula 1, alisema waziwazi wikendi hiyo hiyo kwamba mahali pale lazima pabadilishwe. Mimi ninayeipenda Raidillon kuliko kona nyingine yoyote duniani niko upande wake. Wakubwa wa Formula 1 wanapoona maji ni mengi husubiri saa nzima na zaidi nyuma ya gari la usalama, na televisheni za dunia zinasubiri nao. Mbio za vijana zimebanwa kwenye ratiba kati ya shughuli nyingine, hazina anayezisubiri. Hilo halihitaji tingatinga. Linahitaji saa na mtu mwenye ujasiri wa kusema leo hapana.

Correa alikaa kwenye usingizi wa dawa hospitalini London, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na mguu wake wa kulia nusura ukatwe. Mwaka 2021 alirudi kwenye Formula 3 na timu ya ART, ile iliyomlea Hubert hadi ubingwa wa GP3. Mwaka 2023 akarejea Formula 2 kwa msimu mzima. Mwishoni mwa Julai, wiki nne baada ya kifo cha van 't Hoff, Formula 2 ilifika Spa-Francorchamps. Siku hizi ratiba imegeuzwa, mbio fupi hutangulia Jumamosi na kuu hufuata Jumapili. Jina la Correa lilikuwa kwenye orodha.